Habari za Stempu na Postikadi katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Twataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana, ambacho watu wengi hukirarua na kukitupa jalalani bila kukitazama mara mbili. Kitu hicho ni stempu, yaani ile karatasi ndogo yenye gundi nyuma yake, ibandikwayo juu ya bahasha ili barua ipate kusafiri. Pamoja nayo tutataja postikadi, yaani kadi yenye picha upande mmoja na salamu upande wa pili.

Wako watu, wakubwa kwa wadogo, wanaokusanya vitu hivi na kubadilishana na wenzao wa nchi za mbali ambao hawajawaona kwa macho. Huyu wa Lindi hupeleka stempu za kwao, na yule wa Uingereza au Bara Hindi humrudishia za kwake. Wengine huwacheka, wakisema kwamba huo ni mchezo wa watoto, au kazi ya watu wasio na kazi. Sisi hatuafikiani nao. Twasema kwamba mtu ajuaye kuzisoma stempu na postikadi za pwani yetu hupata ndani yake habari za kale ambazo vitabu vingi vimezipita. Sikilizeni tuwaeleze, kisha mpime wenyewe.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba barua ilikuwako Kilwa muda mrefu kabla ya stempu. Huko Goa, katika Bara Hindi, mahali Wareno walipokuwa na makao yao makuu ya mashariki, zimehifadhiwa barua zilizoandikwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 18, kwa herufi za Kiarabu, na miongoni mwazo zimo za Kiswahili. Basi asije mtu akadhani kwamba uandishi wa barua uliletwa kwetu na posta. Posta ilikuta watu wanaandikiana.

Lakini barua za siku zile zilisafiri kwa hisani na kwa upepo. Mwenye barua alimtafuta nahodha amjuaye, akamkabidhi mkononi. Barua ya kwenda Hindi ilingoja kusi ianze kuvuma. Na jibu lake lilingoja kaskazi ya kuvirudisha vyombo. Kwa hiyo aliyetaka jibu hakuhesabu siku, alihesabu miezi. Na asiyekuwa na jamaa wala rafiki chomboni hakuwa na njia. Wazee wetu walisema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Nusu hiyo zamani ilikuwa ghali, wala si kila mtu aliyeipata.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1872, wakati stima za kampuni ya British India zilipoanza kuchukua barua kati ya Aden na Unguja kwa ratiba. Mwaka 1875 posta chini ya serikali ya Hindi ilikuwa ikifanya kazi Unguja. Tajiri wa Kilwa au Lindi aliyetaka kuandika Bombay alipeleka barua yake Unguja kwa jahazi kwanza, ndipo ikapanda stima. Mwaka 1876 Askofu Steere alipita Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kuanzisha kituo cha misheni Masasi. Tangu hapo barua za Masasi zilishuka pwani kwa miguu ya matarishi, mwendo wa siku kadhaa porini. Tukisoma leo barua za watu wa misheni wa siku zile, tusisahau kwamba kila moja ilibebwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa juu ya bahasha.

Sasa tutoke kidogo pwani, twende Ulaya, tuone stempu ilikotokea. Katika Uingereza ya zamani, mara nyingi aliyelipa gharama ya barua ni yule aliyeipokea, na bei ilikwenda kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Maskini wengi walikataa kuzipokea barua zao kwa sababu hawakuwa na fedha za kuzilipia. Mtu mmoja, jina lake Rowland Hill, akatoa shauri: mwenye kupeleka alipe kwanza, bei iwe moja kwa nchi nzima, kwa uzito, na alama ya kwamba amelipa iwe karatasi ndogo ya kubandika. Shauri hilo likakubaliwa, na mwezi wa Mei 1840 stempu ya kwanza ikaanza kutumika. Bei yake ilikuwa peni moja, rangi yake nyeusi, na picha yake kichwa cha Malkia Victoria. Jina la nchi halikuandikwa, kwa kuwa hapakuwa na nchi nyingine yenye stempu. Na mpaka hivi leo stempu za Uingereza hazina jina la nchi.

Postikadi ilifuata baadaye. Ilianza katika dola ya Austria na Hungaria, tarehe 1 Oktoba 1869: kadi tupu isiyo na picha, isiyohitaji bahasha, na bei yake ndogo kuliko ya barua. Kisha tarehe 9 Oktoba 1874 wajumbe wa nchi 22 walitia sahihi mkataba katika mji wa Bern, Uswisi, wakaanzisha umoja wa posta za ulimwengu. Mkataba ule ulisema kwamba kwa mambo ya barua nchi zote zihesabiwe kuwa kama nchi moja, na kila posta ishike fedha za stempu ilizouza yenyewe. Maana yake ni kwamba barua iliyolipiwa Lindi itafikishwa mlangoni pa mtu wa Hamburg, wala mtu huyo hatadaiwa kitu. Bila mapatano hayo mabadilishano ya stempu na postikadi kati ya watu wa mbali yasingaliwezekana.

Tukirudi pwani yetu, twakumbuka kwamba mwaka 1888 kampuni ya Wadachi ilipewa na Sultani wa Unguja haki ya kusimamia miji ya pwani, na kwamba watu wa pwani walipinga kwa silaha, Kilwa na Lindi wakiwamo. Vita vilipotulia, Wadachi wakafungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwezi wa Oktoba 1890, kisha katika miji mingine ya pwani mpaka kufika Kilwa Kivinje na Lindi. Mwaka ule ule ilianzishwa kampuni ya stima, Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyochukua barua kati ya Hamburg na pwani yetu.

Hapa pana jambo la kuvutia sana. Mwaka 1893 stempu za Udachi zilipigwa chapa juu yake ili zitumike huku, na neno lililopigwa juu yake ni PESA. Kwa nini? Kwa sababu soko la pwani lilihesabu kwa rupia na pesa, rupia moja kwa pesa 64. Dola ilikuja na bendera yake, askari wake na sheria zake, lakini ilipotaka kuuza stempu ilibidi kuandika neno la sokoni, la sivyo watu wasingalijua bei. Baadaye serikali ikaamua kuigawa rupia katika sehemu mia, kila sehemu ikaitwa heller, na mwaka 1905 stempu za heller zikatoka. Barua ya kwenda Udachi ililipiwa heller 7½, na postikadi heller 4. Sarafu hizo zimekwisha zamani, lakini neno hela limebaki vinywani mwetu, na pesa vilevile. Mtu akisema leo kwamba hana pesa wala hela, ametaja stempu za zamani mbili kwa mara moja!

Tuitazame tena picha ya stempu hizo. Tangu miaka ya 1900 na 1901 stempu za makoloni yote ya Wadachi, kama vile Kamerun, Togo, Samoa na nchi yetu, zilitiwa picha moja tu: merikebu iliyoitwa Hohenzollern, ya starehe ya Kaizari Wilhelm wa Pili. Kilichobadilika ni jina la nchi na bei. Basi mtoto wa Berlin aliyepata stempu kutoka kwetu hakuona juu yake mnazi, wala jahazi, wala msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani. Aliona merikebu ya mfalme wake mwenyewe. Atajuaje kwamba imetoka Kilwa wala haikutoka Tanga? Atajua kwa muhuri. Muhuri wa posta hutaja mji na tarehe, na hapo ndipo ilipo habari. Kwa hiyo twasema kwamba stempu ni nusu ya ushahidi, na muhuri ni nusu ya pili.

Kuhusu postikadi, katika siku hizo ndipo kadi za picha zilipoenea. Wapiga picha na wafanya biashara wa Dar es Salaam, kama vile C. Vincenti na Walther Dobbertin, walitoa picha nyingi za nchi hii, na wenzao wa Unguja walifanya vivyo hivyo. Picha za bandari, boma, minazi, wapagazi na askari zilivuka bahari kwa elfu. Kwa kadi hizo twaweza leo kujua jinsi mji fulani ulivyokuwa, nyumba gani ilikuwa na ghorofa, na mashua zilitia nanga wapi. Hii ni faida kubwa, wala hatuidharau.

Lakini tusiisome picha bila kuuliza maswali. Mara nyingi jina la mwenye duka limechapwa vizuri kwenye kadi, na aliyepigwa picha hana jina. Ameandikwa tu kuwa ni mpagazi, au mwanamke wa pwani, au askari. Tena picha huonyesha lile ambalo mnunuzi alipenda kuliona. Kilwa Kivinje ni mji ambao Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa mwezi wa Novemba 1895 kwa kuwapinga Wadachi. Na nyuma ya Kilwa, katika milima ya Matumbi, ndiko Vita vya Maji Maji vilikoanza mwezi wa Julai 1905. Mwenye kuandika salamu njema juu ya kadi ya minazi hakuwa na haja ya kuyataja hayo. Basi mwanafunzi akishika postikadi ya zamani na aulize mambo mawili: picha hii inaonyesha nini, na imeacha nini?

Sasa tufike kwenye kisa ambacho kila mkusanyaji wa stempu za nchi hii hukitaja, nacho kilitokea pwani ya Lindi. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza ziliifunga bahari. Karatasi yenyewe ilikuwa na uzito wa silaha siku zile: mwezi wa Oktoba 1914 manowari Chatham iliikuta meli ya Wadachi, Präsident, katika mto wa Lindi, na hati zilizokutwa ndani yake ziliwajulisha Waingereza kwamba manowari Königsberg, waliyokuwa wakiitafuta, imejificha katika mto Rufiji. Kwa karatasi chache siri kubwa ikafichuka.

Bahari ilipofungwa, stempu mpya hazikuja tena kutoka Ulaya, na akiba ikapungua. Posta ya Wadachi ikaagiza stempu za haraka zichapwe nchini, katika kiwanda cha misheni huko Vuga, Usambara, mahali ambapo baadaye palichapwa vitabu vingi vya Kiswahili. Zikachapwa za heller 2½, za heller 7½ na za rupia moja. Lakini mwezi wa Machi 1916 meli iliyoitwa Marie, iliyotoka Udachi mwezi wa Januari, ilipenya kati ya manowari za Waingereza, ikaingia ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Ilileta mizinga, risasi, nguo, dawa, na pamoja na hayo ilileta stempu. Mwezi wa Aprili Waingereza waliipiga mizinga palepale Sudi, lakini ikaponyoka, ikafika Batavia katika visiwa vya Waholanzi.

Basi stempu za Vuga hazikuwa na haja tena. Wadachi wakazifukia ardhini zisitekwe na adui, na baada ya vita zikafukuliwa, zikapelekwa Ulaya, zikauzwa kwa wakusanyaji. Mpaka leo hutafutwa kwa fedha nyingi. Lakini sisi twapenda mwanafunzi akumbuke jambo moja jingine. Mizigo ile ya Sudi haikutembea yenyewe. Ilichukuliwa bara juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, maelfu ya watu, katika nchi isiyo na reli. Karatasi ndogo iliyohifadhiwa leo katika albamu ya tajiri ilifika kwa jasho lao. Albamu hutaja jina la meli; wapagazi haiwataji. Katika mwezi wa Septemba 1916 Waingereza waliteka Kilwa na Lindi, na mwaka 1917 vita vikazunguka nyuma ya Lindi mpaka Mahiwa, na wapagazi wakafa wengi pande zote mbili.

Tangu hapo stempu zikabadilika upesi. Kisiwa cha Mafia kilipotekwa mwezi wa Januari 1915, stempu za Wadachi zilizokutwa huko zilipigwa muhuri wa mfalme wa Uingereza na jina la Mafia. Mwaka 1917 zikatumika stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilizopigwa herufi G.E.A., yaani herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la nchi iliyotekwa. Mwaka 1922 ikatoka stempu yenye jina Tanganyika na kichwa cha twiga, mahali ambapo watu walizoea kuona kichwa cha mfalme. Mwaka 1927 kichwa cha mfalme kikarudi. Mwaka 1933 posta ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda, na mwaka 1935 zikatoka stempu za nchi tatu pamoja, zenye picha za simba, korongo, mlima Kilimanjaro, na jahazi. Jahazi lenyewe ni la Ziwa Victoria. Pwani ya kusini, yenye majahazi tangu enzi za masultani wa Kilwa, haikupata nafasi.

Baada ya hapo Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ikatoa stempu zake. Mwaka 1964 zikatoka za muungano na Zanzibar. Na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika, posta za nchi tatu zikaachana. Shirika la Posta Tanzania lilianza kazi mwaka 1994.

Hebu tufanye hesabu, ninyi wanafunzi. Chukueni mtu aliyezaliwa Lindi mwaka 1890, akaishi miaka 75. Mtu huyo aliweza kubandika juu ya barua zake stempu za pesa, kisha za heller, kisha za G.E.A., kisha za twiga, kisha za nchi tatu, kisha za uhuru, na mwisho za muungano. Ni namna saba, naye hakuihama nyumba yake hata siku moja. Hakuhama yeye, serikali ndizo zilizopita juu yake. Mwalimu akisema maneno hayo darasani, mtoto aweza kuyasahau kesho. Akimwekea bahasha saba mezani, hatayasahau.

Labda mtu atauliza: bahasha hizo ziko wapi? Hapo ndipo penye uchungu. Postikadi nyingi za Kilwa na Lindi za zamani zimo Ulaya, kwa kuwa ndiko zilikopelekwa. Zile barua zilizobaki kwetu huliwa na mchwa na unyevu wa pwani, au huwashiwa moto mwenye nyumba anapofariki na chumba chake kinaposafishwa. Na zile chache zinazoponyoka hukatwa pembe na watoto wanaotaka stempu tu, ukatupwa muhuri, jina na tarehe. Kukata hivyo ni sawa na kumng'oa shahidi ulimi, kisha kumleta barazani aseme.

Kwa hiyo tunatoa mashauri haya machache. Kwanza, usiibandue stempu ya zamani kutoka katika bahasha yake. Ihifadhi bahasha nzima, mahali pakavu, mbali na jua. Pili, kabla ya kuichukua barua ya babu au bibi, omba ruhusa, na muulize ni nani aliyeiandika na kwa nini; kisha yaandike majibu katika karatasi nyingine na uiweke pamoja nayo. Tatu, ukiwa na picha ya watu, andika nyuma yake kwa penseli majina yao na mwaka. Usimwache jamaa yako awe kama wale wa kadi za zamani, mwenye sura lakini hana jina. Nne, ukitaka kubadilishana na wa mbali, peleka zile ulizo nazo mbili mbili, kwa haki, moja kwa moja. Andika anwani kwa herufi wazi, pamoja na sanduku la posta la shule, kwa idhini ya mwalimu. Wala usitie fedha ndani ya bahasha. Mabadilishano haya hayakufa. Tangu mwaka 2005 iko hata njia ya intaneti, Postcrossing, iliyoanzishwa Ureno, ya kuwakutanisha watu wa nchi mbalimbali wapelekeane postikadi za karatasi kwa posta.

Na unapomwandikia rafiki wa nchi ngeni, usimpelekee picha peke yake. Mwambie mahali hapo ni wapi, nani aishiye hapo, na jambo gani lilitokea. Zamani kadi za Kilwa ziliandikwa na wageni na kusomwa na wageni, na watu wa Kilwa walikuwa picha tu. Leo mtoto wa Kivinje au Sudi ajua kusoma na kuandika, na kalamu iko mkononi mwake. Basi na aandike salamu hizo yeye mwenyewe.